Namna ya kumchagua daktari wa upasuaji wa kupunguza uzito: mwongozo kamili kwa mgonjwa

Ukimuuliza mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito jinsi alivyompata daktari wake, mara nyingi utasikia habari za picha za kabla na baada, au bei, au rafiki aliyepungua akapendeza. Mwulize tena akishafika mwaka wa pili: angekuwa anachagua leo, angetazama nini? Hapo mazungumzo hubadilika. Atakueleza usiku alioshindwa hata kumeza maji, na nani alipokea simu. Atakueleza daktari aliyepita wodini kila asubuhi akampima mapigo kwa mkono wake mwenyewe, au yule ambaye malipo yalipokamilika alionekana mara moja tu. Ushauri wangu umetoka kwenye masimulizi hayo: mchague daktari kwa kuangalia anavyowashughulikia wagonjwa wake mambo yanapoharibika. Mambo yakienda vizuri, na mara nyingi huenda vizuri, hutakuwa umepoteza kitu.

Hatua ya 1: Zijue aina za upasuaji kabla hujakaa mbele ya daktari

Upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi ni wa kukata mfuko wa chakula. Daktari hupitia matundu madogo tumboni, huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko, na huacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, na ndiyo maana wengi husema miezi ya mwanzo hawakuwa na hamu ya kula kabisa. Kilichokatwa hakirudishwi.

Aina ya pili ni baipasi. Daktari hutenga sehemu ya juu ya mfuko iwe kifuko kidogo cha takriban mililita 30, kisha huunganisha utumbo mwembamba na kifuko hicho, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Baipasi ilianzishwa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, kwa hiyo faida na madhara yake yamefuatiliwa kwa muda mrefu. Ipo pia baipasi ya muunganiko mmoja badala ya miwili, ambayo huchukua muda mfupi zaidi lakini kwa baadhi ya wagonjwa husababisha nyongo kupanda juu. Mkanda wa kubana mfuko ulipendwa sana zamani, na madaktari wengi wameuacha kwa sababu wagonjwa wengi walirudi kuutoa. Puto linalowekwa tumboni kupitia mdomoni halihesabiwi kuwa upasuaji. Hutolewa baada ya miezi kadhaa, na uzito una tabia ya kurudi.

Haya yanahusiana na uchaguzi wa daktari moja kwa moja. Anayefanya aina moja tu atakuona unafaa aina hiyohiyo. Kwa mfano, mtu mwenye kiungulia kikali anaweza kuzidiwa baada ya kukatwa mfuko, wakati baipasi mara nyingi humpunguzia. Mtu anayelazimika kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya maumivu ya viungo yuko kwenye hatari ya vidonda pale utumbo ulipounganishwa akifanyiwa baipasi, na mvutaji sigara vilevile. Mwenye kisukari cha muda mrefu ana sababu ya kuijadili baipasi kwa kina. Daktari asiyekuuliza habari hizi anapendekeza upasuaji kabla hajakujua.

Piga pia hesabu yako ya BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 110 ana BMI ya 40. Mwongozo wa zamani wa 1991 ulitaka 40 na kuendelea, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 uliteremsha kiwango hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, na unaruhusu kufikiria upasuaji kuanzia 30 kwa wenye kisukari na magonjwa ya aina hiyo. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango viko chini zaidi. Ukiwa na BMI ya 28, huna kisukari wala sababu nyingine, na kliniki ikakukubali siku hiyohiyo, ondoka.

Hatua ya 2: Andika historia yako kwenye ukurasa mmoja

Hii ni hatua fupi lakini inaokoa muda. Andika uzito wako wa juu kabisa na wa sasa, dawa zote unazotumia, upasuaji wowote uliowahi kufanyiwa tumboni, kama unakoroma na kukata pumzi usingizini, kama kuna aliyewahi kuganda damu mguuni kwenye familia, sigara, pombe, na mpango wa kuzaa. Kuhusu uzazi, madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba. Ukurasa huo utaupeleka kwa kila daktari utakayeonana naye, na utaona nani anausoma na nani anauweka pembeni.

Hatua ya 3: Wachuje kwa mambo yanayothibitika

Anza na baraza au mamlaka inayosajili madaktari: jina lipo, leseni ni hai, ni bingwa wa upasuaji? Kisha tafuta alikojifunza upasuaji huu mahususi. Mpasuaji mzuri wa tumbo kwa jumla hajawa moja kwa moja mpasuaji mzuri wa kazi hii. Kufanya kazi kwa vifaa virefu ndani ya tumbo lenye mafuta mengi na ini kubwa ni ustadi wa peke yake.

Idadi ya upasuaji ina maana, ila iulize vizuri. "Nimefanya maelfu" ni jibu lisilopimika. Uliza: wewe mwenyewe, aina hii ninayoitaka, mwaka jana ulifanya mara ngapi? Nchini Marekani, mpango wa ithibati hutaka kituo kamili kifanye angalau upasuaji 50 wa aina hii kwa mwaka. Daktari anayefanya mmoja kila baada ya miezi miwili, hata kama ana miaka 20 kazini, mikono yake na timu yake havipati mazoezi ya kutosha.

Idadi haimalizi habari. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Michigan, Marekani, ambamo wapasuaji 20 walitoa video za baipasi walizozifanya, na wenzao wakazipa alama bila kujua ni za nani. Wagonjwa wa wapasuaji walio kwenye robo ya chini walipata matatizo kwa asilimia 14.5, na wa robo ya juu kwa asilimia 5.2. Wote walikuwa na leseni, wote walikuwa kazini. Wewe hutaweza kuhukumu video, lakini utafiti huo unatufundisha kitu cha kufanya: watu wa kazi hiyohiyo wanajuana. Mtafute muuguzi wa chumba cha upasuaji, au daktari wa usingizi, au daktari wako wa kisukari, umuulize, "Angekuwa dada yako, ungempeleka kwa nani?" Jibu lake lina uzito kuliko tangazo lolote, na akisita akataja jina jingine, umejibiwa.

Hatua ya 4: Wasikilize wagonjwa wake, hasa waliopata shida

Kliniki nyingi zitakuunganisha na mgonjwa mmoja au wawili. Kubali, uongee nao, lakini kumbuka kwamba kliniki imewachagua. Tafuta na wengine kwa njia zako: vikundi vya wagonjwa, watu wa kanisani au msikitini, wafanyakazi wenzako, mtu mliyekaa naye kwenye foleni ya mtaalamu wa lishe. Watu waliopitia njia hii wengi wako tayari kuzungumza ukiwaendea kwa heshima na faragha.

Maswali ya "unampenda daktari wako?" hayakupi kitu. Watu humpenda daktari mcheshi. Uliza mambo yaliyotokea:

- Upasuaji ulifanyika lini, na leo hii uzito wako uko wapi ukilinganisha na mwaka wa kwanza?
- Nani alikufanyia upasuaji hasa? Ndiye yuleyule uliyeonana naye kliniki?
- Ulipotoka hospitali ulipewa namba gani, na ulipopiga usiku ilipokelewa na nani?
- Kuna jambo lolote lililokupata ambalo hukuwa umeambiwa mapema?
- Mara ya mwisho kupimwa damu kuangalia madini ya chuma na vitamini B12 ilikuwa lini, na nani alikukumbusha?

Swali la nne ndilo ninalolithamini zaidi. Mgonjwa akikwambia, "Nywele zilikatika mwezi wa nne, lakini daktari alikuwa ameshaniambia zitakatika na zitarudi," huyo alitayarishwa. Mwingine akikwambia alipata mawe kwenye kifuko cha nyongo na hakuna aliyewahi kumtajia kwamba kupungua haraka huyasababisha, hapo pana pengo. Wote wawili wanaweza kuwa wamepungua kilo zilezile.

Mtafute hata mmoja aliyepata tatizo kubwa: mshono wa ndani uliovuja, kutokwa na damu, kurudishwa chumba cha upasuaji. Usimkimbie daktari kwa sababu tu mgonjwa wake alipata tatizo. Ukifanya kazi hii vya kutosha utapata matatizo, na anayedai hajawahi kuyapata ama ni mgeni kazini ama hasemi kweli. Sikiliza lilishughulikiwaje. Alipolalamika maumivu, alisikilizwa siku ileile au aliambiwa ni gesi? Daktari alikuja mwenyewe akamweleza kilichotokea, au familia ndiyo iliyohangaika kumtafuta? Nimewahi kumsikia mgonjwa aliyelazwa wiki nyingi kwa mshono uliovuja akimsifia daktari wake kwa moyo wote, na nikamsikia aliyepona bila shida hata moja akisema asingemrudia wake, kwa sababu kila swali alilouliza baada ya upasuaji lilijibiwa na karani wa mapokezi. Shuhuda wa kwanza ana habari nyingi zaidi kwako.

Ongea pia na waliofikisha miaka mitatu au minne. Uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili, kisha kwa wengi hupanda kidogo. Ukiwasikiliza wa miezi sita peke yao, utasikia furaha tupu.

Hatua ya 5: Siku ya kuonana na daktari

Nenda na mtu wako wa karibu, akusaidie kuandika. Kabla hujaingia, angalia sebule ya kusubiria. Viti havina mikono ya kubana nyonga? Mzani unafika kilo zako, uko mahali pa faragha? Mkanda wa kupimia presha unatosha mkono wako, au muuguzi anaanza kuhangaika na kucheka? Wagonjwa hutaja vitu hivi kila mara, na wana haki. Mahali pasipokuwa na kiti cha kukutosha, huenda hapana kitanda cha upasuaji cha kukutosha.

Ndani, mwombe daktari akuchoree. Mzuri huchukua karatasi, akachora mfuko na utumbo, akakuonyesha wapi atakata na wapi ataunganisha, kisha akakuachia kalamu umweleze ulivyoelewa. Ukikosea, anarudia bila kuchoka. Mwone kama anakutazama au anatazama saa.

Mwulize matatizo na takwimu zake mwenyewe. Kati ya wagonjwa wake, wangapi walivuja mshono, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji, wangapi walifariki. Kwenye vituo vyenye uzoefu, kifo ndani ya siku 30 ni nadra, takriban mtu 1 kati ya 1,000, na kuvuja kwa mshono ni karibu asilimia 1. Hutafuti sifuri. Unatafuta mtu anayezijua namba zake na hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika leo, umevaa nguo zako na una akili timamu, utamuulizaje kitu ukiwa umelala na mipira puani?

Kuwa makini na asilimia za kupungua. Madaktari wana namna mbili za kuhesabu. Chukua mtu mwenye kilo 130 ambaye uzito unaomfaa ni 70. Ana kilo 60 za ziada. Akipungua kilo 36, daktari mmoja atasema amepoteza asilimia 60, akihesabu zile za ziada, na mwingine atasema asilimia 28, akihesabu uzito wote. Ni kilo zilezile. Mwombe akutajie kilo, kwa mtu wa mwili wako, kwa mwaka wa kwanza na wa tano. Kwa upasuaji wa kukata mfuko na baipasi, kupoteza robo hivi ya uzito wote, wakati mwingine karibu theluthi, ndiyo hali ya kawaida. Anayekuahidi utafika uzito wa ujana wako anakuuzia ndoto.

Halafu uliza: "Nikikataa upasuaji, utanishauri nini?" Daktari mwaminifu atazungumzia dawa za kisasa za sindano, lishe, kusubiri, hata kukuambia hauko tayari bado. Wapo wagonjwa waliomwamini daktari wao siku aliyowaambia, "Acha sigara kwanza, urudi."

Hatua ya 6: Ipime hospitali na timu

Daktari mmoja hodari ndani ya hospitali dhaifu hakutoshi. Lazima pawe na chumba cha wagonjwa mahututi kinachofanya kazi, akiba ya damu, mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili inayobeba uzito wako, na mpasuaji anayepatikana usiku na sikukuu. Daktari wa usingizi awe amezoea wagonjwa wenye mwili mkubwa, na akuone kabla ya siku yenyewe.

Timu kamili ina mtaalamu wa lishe na mtu wa afya ya akili. Wengi huogopa mahojiano ya saikolojia wakidhani ni mtego wa kuwanyima upasuaji. Kazi yake ni kukuandaa, na pia kugundua mambo kama ulevi, kwa sababu baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu haraka na baadhi ya watu huangukia kwenye utegemezi. Vipimo vya kawaida kabla ya upasuaji ni damu, moyo, usingizi kwa anayekata pumzi, na mara nyingi kamera ya kuangalia mfuko wa chakula. Utapewa pia mlo wa kupunguza ini, kwa kawaida wiki mbili. Kliniki inayoruka yote haya na kukupangia tarehe ya kesho kutwa inaharakia fedha yako.

Hatua ya 7: Bei, na safari ya mbali

Omba bei kwa maandishi, na uulize ni nini hakimo. Je, siku za ziada wodini zimo? Nikirudi na tatizo ndani ya siku 30, nalipa upya? Miadi ya mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na ya mwaka imo? Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote, viweke kwenye hesabu ya kila mwezi.

Kama unasafiri nchi nyingine kwa sababu ya bei, sikukatazi, lakini pata kwanza daktari wa nyumbani atakayekubali, kwa kauli yake, kukufuatilia. Mishono mingine huvuja baada ya mgonjwa kuruhusiwa, na safari ndefu ya ndege huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Bei ndogo inayokurudisha nyumbani siku ya tatu, kwa watu wasiojua ulichofanyiwa, inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Hatua ya 8: Kabla hujasaini

Onana na madaktari wawili angalau. Wakipendekeza aina tofauti, rudi kwa kila mmoja umuulize kwa nini anatofautiana na mwenzake, na usikilize kama anajibu kwa kuzungumzia mwili wako au kwa kumponda mwenzake. Soma fomu ya ridhaa nyumbani, siyo kwenye machela. Hakikisha jina la mpasuaji limeandikwa, na kwamba inaeleza atafanya nini akikuta hali asiyoitarajia.

Mwambie akuandikie dalili za hatari na namba ya kupiga saa yoyote: mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au kupanda bega la kushoto, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kutapika kusikokoma. Kutapika kwa muda mrefu kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kuharibu ubongo na neva, kwa hiyo usikubali kuambiwa uvumilie. Ipige namba hiyo usiku mmoja kabla ya upasuaji, uone nani anapokea. Ikiita bila jibu, una haki ya kuahirisha, hata kama umeshalipa na ndugu wameshafika.

Siku ya kuruhusiwa, usitoke bila nakala ya ripoti ya upasuaji: aina, tarehe, urefu wa utumbo uliorukwa kama ni baipasi, na jina la aliyefanya. Weka moja kwenye simu na moja kwa mtu wa nyumbani. Baipasi inaweza kusababisha utumbo kujinyonga ndani hata miaka mingi baadaye, na daktari wa dharura atakayekupokea siku hiyo anahitaji kujua tumbo lako limepangwaje kabla hajaligusa.